Ukiacha Mtandao, Watu Je?



Mwezi huu naomba tuyaache kidogo mambo ya malaria na lishe ya watoto, tuzungumze juu ya simu. Najua wengi wenu mtasema, huyu muuguzi naye amekuja na mahubiri ya kutuzuia. La. Safari hii nakuja kukiri kosa langu.

Kabla ya Kwaresima ya mwaka jana, mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wake wa miaka minne mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita siko seli. Macho ya mama yalikuwa mekundu. Nilipomwuliza, alinieleza kwamba kila usiku hukaa na simu hadi saa nane, akisoma Facebook. Alikuwa katika makundi mengi huko: ya mitumba, ya kusema ndoa za watu, na kundi moja la akina mama wenye watoto wa selimundu. Tena alikuwa amenunua hukohuko unga wa mizizi ulionadiwa kwamba unaponya selimundu kabisa, akaacha kumpa mtoto vidonge vya foliki asidi. Hapo nilikasirika. Nikamwambia, "Mwanangu, futa hicho kitu. Kwaresima ndiyo hii, ufanye uwe mfungo wako." Akanitii. Alifuta palepale mbele yangu, nami nikamsifu.

Wiki ya sita mtoto aliletwa alfajiri, viganja vyeupe kama karatasi, amelegea, bandama imevimba hadi karibu na kitovu. Damu yake ilikuwa gramu 3 tu. Mungu ni mwema, damu ya kundi lake ilikuwepo, akaongezewa, akapona. Lakini nilipomwuliza mama dalili zilianza lini, alijibu kwamba ni tangu saa mbili usiku. Baba wa mtoto alikuwa safarini, na mama mkwe alisema ni tumbo la kawaida, wangoje kuche. Kisha akasema neno ambalo silisahau: "Zamani ningewauliza wenzangu, sista. Wangenifukuza nije hospitali usiku uleule." (Mimi si mtawa, ila wagonjwa hutuita wauguzi wote sista.)

Wazazi wenye watoto wa selimundu wanisikilize hapa. Bandama ya mtoto huyu inaweza kukamata damu nyingi ghafla, kwa muda wa saa chache tu, akapungukiwa damu mwilini hadi kufa. Ukiona amepauka ghafla, amelegea, na upande wa kushoto wa tumbo umejaa, usingoje kuche. Vivyo hivyo akiwa na homa, akipumua kwa shida, akishindwa kusogeza mkono au mguu wa upande mmoja, au mtoto wa kiume akisimama uume kwa maumivu bila kutulia. Mwombe muuguzi akufundishe kuipapasa bandama kwa vidole. Yule mama alijua kuipapasa. Na ni nani aliyemfundisha? Mama mwenzake wa kwenye lile kundi, ambaye hajawahi kuonana naye uso kwa uso. Sisi kliniki tulikuwa hatujapata nafasi.

Basi nikaanza kujiuliza: nilimwambia aache nini hasa?

Tumezoea kusema "mtandao" kana kwamba ni kitu kimoja, kama pombe ya kienyeji. Lakini ndani ya simu ileile mlikuwa na mwuza unga wa uongo, na mlikuwa na mwanamke aliyekesha akimjibu mwenzake saa tisa ya usiku. Mimi niliwafukuza wote wawili kwa neno moja. Nilifanya kama daktari anayekata mguu kwa sababu ya kidonda cha kidole.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2018 huko Marekani, kabla ya uchaguzi wao wa Novemba, watafiti waliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki nne. Watu hao walipata kama saa moja zaidi kila siku, wakakaa zaidi na jamaa na rafiki zao, na furaha yao iliongezeka, ingawa kidogo. Lakini ujuzi wao wa habari ulipungua. Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwachukua wanafunzi 143, wakawapunguzia baadhi yao matumizi hadi dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao. Baada ya wiki tatu, upweke na huzuni vilipungua. Angalieni: hawa wa pili hawakuacha, walipunguza tu. Mimi naona hapo pana neno kwa ajili yetu.

Na upweke wenyewe si mchezo. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kuushughulikia mwaka 2023, na taarifa ya tume hiyo ya mwaka 2025 ilisema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusiana nao. Humwongezea mtu hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na kisukari. Kwa hiyo anayekuja kwangu akisema, "Sista, nimeacha Facebook lakini nawakumbuka wale watu hadi silali," siku hizi simcheki. Zamani ningemwambia, "Kwani uliwahi kuwaona?"

Kuhusu hilo la kuwaona, tumkumbuke Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Hakuwahi kutoka katika monasteri yake ya Lisieux kwenda misioni yoyote, na bado Papa Pio XI alimfanya msimamizi wa misioni mwaka 1927. Kwa miaka yake ya mwisho aliandikiana barua na kijana aliyeitwa Maurice Bellière, aliyejiunga na Mapadri Weupe na baadaye akafanya utume Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Hawakuonana hata siku moja. Nani atasema ule haukuwa udugu? Hayati Papa Fransisko naye, katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni mwaka 2019, hakutuambia tuitupe mitandao. Alitaka itutoe hadi kukutana na watu kwa mwili, isiwe mahali pa kujificha wasionekane.

Mimi mwenyewe niliiacha Facebook Kwaresima ileile, maana si haki kumfungisha mgonjwa huku wewe unakula. Siku za kwanza mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, hata nikiwa jikoni. Hayo yaliisha baada ya wiki mbili hivi. Yasiyoisha ni kuwakumbuka wauguzi niliosoma nao diploma, waliotawanyika mikoani, ambao tulikuwa tukiulizana habari za wagonjwa wagumu na kupashana habari za misiba. Mmoja alifiwa na mume, nami nikajua baada ya miezi miwili. Ndipo nikatambua kwamba ninakumbuka vitu viwili vilivyo mbali sana. Kwa hiyo sasa, mtu akinieleza habari hii, namwuliza: taja majina ya unaowakumbuka. Akishindwa kutaja hata mmoja, ni mazoea tu, na yatapoa kama hamu ya sigara inavyopoa. Akitaja watatu au wanne, na kunieleza watoto wao wana umri gani, huyo amefiwa urafiki. Huyo hahitaji kuhubiriwa.

Na huyo tumpe njia. Kabla ya kufuta, aage. Achukue namba za simu za wale wachache, awape yake. Ajue pia kwamba Facebook huacha siku 30 kabla ya kuanza kufuta kabisa akaunti, na katika muda huo anaweza kurudi. Zikipita, amekwisha kutoka. Au asitoke kabisa: ajitoe katika makundi ya umbea, azime kengele za simu, abaki na kundi moja, na simu ilale sebuleni. Lakini kwa watoto wa selimundu simu ilale pale mama anapoisikia, maana huenda ikahitajika. Na dawa zinazouzwa humo azilete kliniki tuzione kabla ya kumnywesha mtoto. Hilo silibadilishi.

Lipo neno lingine, nalo linanichoma zaidi. Yule mama ana jumuiya. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa nguzo ya uchungaji tangu miaka ya 1970, na ya kwake hukutana kila wiki, nyumba chache kutoka kwake. Nilimwuliza kwa nini hakumgongea jirani yeyote wa jumuiya usiku ule. Alinyamaza, kisha akasema hakuna hata mmoja anayejua ugonjwa wa mtoto. Aliogopa watasema ukoo wa mume umerogwa, au kwamba yeye ndiye aliyeleta damu mbaya. (Selimundu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, nimesema hivyo mara ngapi katika ukurasa huu!) Yaani alisali nasi rozari miaka minne, na siri yake akaipeleka kwa wageni walio ndani ya simu, kwa kuwa wale hawakumcheka. Kabla hatujamwambia mtu atoke huko, nafikiri tuna wajibu wa kumwuliza alikwenda kutafuta nini, na kama kwetu kipo.

Sasa kliniki yetu ina daftari. Akina mama wa Alhamisi huandika humo namba zao, kila mmoja akachagua wawili wa kuamshana usiku. Ni daftari la kawaida la shule, na limekwisha kutumika mara tatu.

Yule mama alirudi katika kundi lake baada ya Pasaka. Siku 30 zilikuwa zimepita, ikabidi afungue akaunti upya na kuomba kuingia kama mgeni. Alikuta wamemwulizia wiki hadi wiki. Mmoja wao, aliye mbali kabisa na jimbo letu, alikata tamaa akamtolea mtoto misa ya marehemu. Mama alicheka sana aliponionyesha ule ujumbe, na mtoto yuko mgongoni mwake anavuta kitambaa changu. Mimi nilishindwa kucheka.