ZIZI LETU: Usimbadilishie Ng'ombe Chakula kwa Ghafula

Umwonapo ng'ombe wako amelala kivulini akicheua, usidhani anaifanya kazi ile peke yake. Ng'ombe hawezi kuyeyusha nyasi kavu wala mabua kwa nguvu zake mwenyewe, kama vile wewe na mimi tusivyoweza. Wafanyao kazi hiyo ni vijidudu wakaao katika tumbo lake la kwanza, lile kubwa, ambalo kwa ng'ombe aliyekomaa huchukua lita 100 na zaidi. Katika mililita moja tu ya maji ya tumbo hilo wamo bakteria yapata bilioni 10. Wao huchachusha majani, na ng'ombe hupata nguvu kwa kile wanachokitoa. Tena wao wenyewe, wakisukumwa mpaka tumbo la nne, huyeyushwa wakawa chakula chake.

Lakini vijidudu hao si wa namna moja. Wako wa majani, na wako wa nafaka. Ng'ombe aliyezoea malisho anao wengi wa majani. Wa nafaka ni wachache. Sasa mpe ng'ombe huyo debe la mahindi siku moja, au afungue ghala mwenyewe usiku (maana kwa mahindi ng'ombe ni mwizi hodari). Kwa muda wa saa chache wale wa nafaka huzaana kupita kiasi, wakatoa asidi ile ile ichachushayo maziwa. Wale wa majani hawaivumilii, hufa. Ukuta wa tumbo huungua, na maji ya mwili huvutwa kuingia tumboni, hata ng'ombe akakauka huku tumbo limejaa. Unga ni hatari kuliko punje nzima, kwa kuwa vijidudu huufikia mara moja. Mwaka 1952 mtaalamu wa Marekani, Robert Hungate, pamoja na wenzake, walieleza mabadiliko haya walivyoyaona katika matumbo ya kondoo waliolishwa nafaka nyingi.

Utamjua mgonjwa hivi: haleti cheuo, hataki kula, anayumba, macho yameingia ndani, na mavi ni maji yenye harufu ya uchachu. Usingoje kesho. Ondoa nafaka yote, umwite Bwana Mifugo, maana wengine hufa kwa siku moja au mbili.

Wengi huwapoteza ng'ombe hivi kwa kuwapenda. Mtu amenunua ng'ombe wa maziwa kwa fedha aliyoiweka miaka, ada ya watoto imo humo, naye siku ya kwanza anamjazia ndoo ya pumba na unga ili maziwa yawe mengi! Anza na kibaba kidogo, ongeza polepole kwa majuma mawili au matatu, ili vijidudu wapate kuzoea. Mpe majani kwanza, kisha nafaka, nayo uigawe mara mbili au tatu kwa siku.

Na aliyepona huenda akabaki hana hamu ya kula, kwa kuwa wafanyakazi wake wamekufa. Hapo Bwana Mifugo huweza kuchukua maji ya tumbo la ng'ombe mwenye afya, pengine aliyechinjwa saa ile ile, akamnywesha kwa mpira yakiwa bado na joto. Usijaribu mwenyewe kwa chupa; yakiingia mapafuni utamwua.