Nimefuta ile video ya dawa ya kideri, na wacha niwaambie kwa nini

Wasee, kama mmenifuata tangu mwaka jana mnaijua ile video. Niko nyuma ya nyumba kwetu Utawala, nimevaa gambuti za mamangu, naponda jani la aloe vera pamoja na pilipili kali na kitunguu saumu, nachuja, namwaga kwa chombo cha maji ya kuku. Halafu naangalia kamera nasema, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kuzika kuku, "Kideri haiwezi kuingia hii boma, na sijatumia hata shilingi moja ya chemikali." Ilitazamwa mara 140,000. Sijawahi kuposti kitu kingine kikafika hata nusu ya hapo.

Nimeifuta. Kuna wale mmeniuliza kwa inboksi kama kuna kampuni ya dawa imenipea chapaa ninyamaze. Hakuna. Ni hivi.

Mwezi wa saba kijana mmoja aliniandikia kutoka Bungoma. Yuko kidato cha tatu. Mamake alikuwa na kuku 19, na mpango ulikuwa wauzwe muhula ukianza, karo ilipwe. Jirani yao alikuwa anachangisha watu wanunue chanjo pamoja. Huyu kijana akamwambia mamake wasitoe pesa, ameona njia ya asili kwa simu. Akafuata kila kitu nilichosema, hadi idadi ya pilipili. Aliniandikia: "Kuku zetu zote zimekufa isipokuwa moja. Nimekosea wapi?"

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia labda aloe vera yake haikuwa imekomaa. Aki ya nani, hilo ndilo jibu nililompa. Nikaweka na emoji ya mikono imekunjwa.

Mwezi wa nane nikanunua jogoo sokoni Jumamosi. Mrefu, mwekundu, miguu ya njano, sura ya kuposti. Nikamwachilia moja kwa moja kati ya wengine 30 nikirekodi. Alhamisi alikuwa amesimama kwa kona, mabawa yamelegea kama mtu aliyevaa koti si lake. Nikaongeza aloe. Ijumaa kulikuwa na kinyesi cha kijani kila mahali na watatu walikuwa wanahema midomo wazi. Nikaongeza kitunguu saumu. Jumapili kuku mmoja, yule wa kwanza kabisa niliyepewa na shosho, alikuwa anazunguka palepale shingo imepinda, anajaribu kudonoa nafaka na mdomo unapiga hewa. Kwa siku tisa nilizika 26 kati ya 31. Nilichimba shimo mimi mwenyewe, ndani sana, nikanyunyiza chokaa.

Sasa tuongee ukweli kuhusu ile video. Kuku wangu walikunywa ile maji ya aloe miezi kumi na moja bila kuugua, mimi nikasema dawa inafanya kazi. Lakini kwa hiyo miezi yote hakuna kuku mgeni aliyeingia kwetu. Tuna ukuta pande zote. Hakuna mtu aliyetoka sokoni na viatu vyake akaingia bandani. Ni kama mtu abebe kitunguu mfukoni mwaka mzima halafu awaambie ndicho kimemkinga na simba wa Utawala. Siku simba alikuja, nilimfungulia geti mwenyewe, tena nikimrekodi.

Kideri, ile watu wengi huita Newcastle, ni virusi. Jina lenyewe limetoka Newcastle upon Tyne kule Uingereza, ambako ulitambuliwa katika miaka ya 1920. Karibu miaka mia moja baadaye bado hauna tiba. Daktari wa mifugo hana, shosho hana, mimi pia sina. Ukishaingia kwa kundi ambalo halijachanjwa, unaweza kufagia karibu wote. Husambazwa na kuku mgonjwa, kinyesi, kreti za kubebea, viatu, hata mikono yako. Na sisi Wakenya tuna tabia mbaya hapa: kuku wakianza kufa, mtu anakimbiza waliobaki sokoni kabla hawajakata roho, apate angalau kitu kidogo. Naelewa, njaa ni njaa. Lakini nina uhakika yule jogoo wangu mrefu alitoka kwa boma ya namna hiyo.

Kuna watu watasoma hapa waseme, "Sawa, kumbe mambo ya asili ni uongo, wacha nirudi kwa mifuko ya chakula na dawa za dukani." Hapana, hapo pia mnanikosa. Nafuga kienyeji hadi leo na sitaacha. Shida yangu ni kwamba mimi, na wengi tunaotengeneza hizi video, tuligeuza neno "asili" likawa juisi. Juisi inarekodika vizuri. Ina rangi, inachukua sekunde 40. Kazi halisi haina sura.

Kazi halisi niliiona kwa shosho Murang'a na sikuitambua. Shosho akinunua kuku, anamfunga mguu nyuma ya jikoni, mbali na wengine, wiki mbili. Anampelekea maji na chakula mwisho, baada ya kulisha wale wengine. Nilimcheka. Nikamwuliza, "Shosho, kwani huyu amekosea nini afungwe?" Akaniambia, "Mgeni anakaa sebuleni kwanza. Chumbani hatumjui." Sikuirekodi hiyo. Niliona haina mvuto. Ingeniokolea kuku 26.

Kuna mambo mengine ya aina hiyo ambayo yanafanya kazi kweli. Kuku anayetaka kuatamia, mwachie mayai kumi hivi yaliyotagwa karibuni, mahali penye giza kidogo na pasipo kelele, na siku 21 baadaye atakupa vifaranga pamoja na mlezi wao. Hulipi stima, hununui taa, na usiku hauamki kuangalia kama makaa yamezima. Jivu na mchanga mkavu kwa karai kubwa, kuku ajigaragaze humo. Chawa na utitiri wanapungua, unaona mwenyewe manyoya yakirudi. Maranda ya mbao sakafuni yageuzwe mara kwa mara yakae makavu, kwa sababu ugonjwa wa kuhara damu unapenda unyevu kuliko kitu chochote. Vijiti vya kulalia juu, hewa ipite, jua liingie asubuhi. Mbolea inaenda kwa sukuma, majani ya chini ya sukuma yanarudi kwa kuku. Mama mboga wa hapa kwetu ananiwekea maganda na majani ya kabichi bure, mimi nampelekea mayai manne kila wiki, hakuna anayedai mwenzake. Ila maganda ya avokado nayatoa, ni sumu kwa kuku. Na mahindi yenye ukungu usiwape, hata kama mtu anakuuzia nusu bei. Ile sumu ya aflatoksini inaharibu ini la kuku kama inavyoharibu lako.

Hiyo yote ni asili, na yote ni kazi ya kila siku. Hakuna hata moja inayozuia kideri.

Chanjo inazuia. Na hapa ndipo huwa tunagombana kwa komenti, kwa sababu watu wanaiweka chanjo kwa kapu moja na antibayotiki. Wacha nitofautishe. Antibayotiki inaua bakteria. Kideri ni virusi, kwa hivyo haiguswi kabisa, lakini watu wanamwaga tu kwa maji kuku wakianza kusinzia, halafu kesho wanauza mayai ya hao hao kuku bila kungoja zile siku zilizoandikwa kwa pakiti. Tena wanayaita ya kienyeji, shilingi 25 moja huku kwetu. Unakula dawa bila kujua. (Na tafadhali wacheni kupima ukienyeji kwa rangi ya kiini. Kiini kikiwa njano sana maana yake ni kuku alikula majani au mahindi ya njano. Hata kuku wa kizimbani anaweza kulishwa hivyo.) Chanjo ni kitu kingine. Tone moja kwa jicho, mwili wa kuku unajifunza kumjua adui kabla hajaja, na ulinzi unaofuata ni wake mwenyewe. Kama kuna kitu karibu na asili kuliko hicho, niambieni.

Tena si lazima iwe ya kutoka mbali. KEVEVAPI, shirika la serikali yetu la chanjo za mifugo, hutengeneza chanjo ya kideri hapa Kenya, na kuna aina inayovumilia joto kuliko zile za zamani. Kwangu mimi bei haikuwa kisingizio. Nimepiga hesabu: ile pesa niliyonunulia yule jogoo ingechanja kuku wote wa hii barabara na chenji ingebaki.

Kisingizio cha kweli, na hiki nakiheshimu, ni kichupa. Kwa duka la agroveti letu kichupa kidogo kabisa ni cha kuku 100. Wewe una kuku wanane nyuma ya nyumba. Ukifungua unatumia matone manane, na yaliyobaki hayawekwi hadi mwezi ujao, ni chanjo hai, inakufa. Kwa hivyo mtu anaona ni hasara anaacha. Au ananunua, anaiacha kwa dashibodi ya matatu juani, inafika imekufa, anachanja na maji. Au anachanja kuku ambao tayari wanaumwa, wanakufa, anaenda kutangaza chanjo inaua. Hapa ndipo yule jirani wa Bungoma, wa kuchangisha, alikuwa mbele yetu sote. Alijua kichupa kimoja ni cha kijiji, si cha mtu. Na mimi, kutoka Utawala, na simu yangu, nikamharibia.

Nilimwandikia yule kijana tena mwezi wa tisa. Nikamwambia aloe yake ilikuwa sawa na yangu, na zote mbili hazikuwa na kazi. Nikamwambia kuku wangu pia walikufa. Nilituma kitu kidogo kwa M-Pesa, hakifiki bei ya kuku 19 na sitajifanya kinafika. Alijibu neno moja, "Sawa." Sijui karo iliishaje. Sikuwa na uso wa kuuliza.

Video nimeifuta kwangu lakini kuna kurasa zingine ziliichukua, zikatoa jina langu, zikaweka muziki. Siwezi kuzifuta. Ukiiona mahali, yule msee wa gambuti ni mimi, na ninakuambia usifanye.

Kwetu sasa nina kuku 14. Watano walibaki kutoka kwa lile kundi, wengine wameanguliwa hapa hapa. Hakuna aliyetoka sokoni, na atakayetoka atakaa nyuma ya jikoni wiki mbili mguu umefungwa. Nimeenda nyumba kwa nyumba kwa barabara yetu na ile inayofuata, nikagundua watu wengi wanafuga kimyakimya, hata yule mzee mwanajeshi mstaafu ana bata sita ambao hakuna aliyewajua. Tunarudia chanjo kila miezi mitatu. Ijayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili unusu asubuhi kabla jua halijapanda. Tutakuwa na kasha la barafu na mtu wa agroveti wa kutuonyesha. Orodha imefika kuku 71. Kichupa ni cha 100. Kama uko Utawala na una kuku wazima, hata wawili, nafasi 29 ziko wazi, lete kwa kikapu na usiwachanganye na wa mtu mwingine.