Mali bila daftari hupotea bila habari: mzigo umeshuka Mombo, hela haijapanda



Leo siongelei mbolea wala kantangaze. Naongelea ugonjwa unaotumaliza huku Lushoto kuliko wadudu wote: kukopesha mazao na kutolipwa.

Alikuja mama mmoja wa upande wa Lukozi, mwanakikundi. Kikundi chao kilimpa mnunuzi kabichi na karoti, deni kama milioni mbili na laki tatu. Alilipa laki tano, nyingine akasema "Jumatatu, mama yangu." Jumatatu zikapita nyingi tu. Nikamuuliza, "Mama, mliandikishana?" Akanijibu, "Bwana shamba, yule tunamjua, ningemwandikishaje? Angeona simwamini."

Hapo ndipo tunapokosea, na nalisema wazi hata kama nitaudhi: hela yetu haipotei kwa sababu sheria iko mbali. Inapotea siku ile ile gari linapopakia, kwa sababu ya aibu ya kuandika.

Angalia biashara yetu ilivyo. Mwenye maharage makavu akiona bei au mnunuzi hamwelewi, anafunga stoo anasubiri. Mwenye kabichi, hoho au nyanya hawezi, ukisubiri zinaoza. Mnunuzi analijua hilo, ndiyo maana anakwambia "pakia, nitakutumia nikishauza Ilala." Mzigo ukishashuka kona za Soni huna cha kushikilia tena. Unabaki na karatasi tu. Kama huna karatasi, unabaki na maneno.

Sasa karatasi yenyewe si lazima iwe ya wakili. Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, jina lake kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho na ya gari, aina ya zao, idadi ya magunia au matenga, bei, kiasi alicholipa, kiasi kilichobaki na siku ya kumaliza. Asaini, usaini, na shahidi asaini. Piga picha kwa simu, nakala ikae kwa katibu wa kikundi. Malipo ya awali apitishe kwenye simu badala ya kukupa mkononi, maana ule ujumbe ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kutumika mahakamani, kwa hiyo usifute meseji zake, hata zile za "nivumilie kidogo".

Na kama siku imepita hajalipa? Usikimbilie kugombana. Fuata ngazi.

Kwanza, mkumbushe kwa meseji ukitaja kiasi na tarehe. Akijibu "nakumbuka, nitalipa", amekwisha kukubali deni.

Pili, mwandikie barua ya madai. Eleza deni limetokana na nini, ni kiasi gani, na mpe muda, tuseme siku 14. Apokee kwa kusaini, au mpelekee mbele ya shahidi. Wengi hulipa hapa hapa, kwa sababu wameona umeamka.

Tatu, kama ni mtu wa huku huku, kaeni kwa mtendaji wa kijiji mkubaliane alipe kwa awamu, na makubaliano yaandikwe.

Nne, Mahakama ya Mwanzo. Wengi tunaiogopa bure. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, huhitaji kuweka wakili, na kwa deni la mkataba inasikiliza madai hadi shilingi milioni 30. Kabichi ngapi hizo? Tena si lazima umfuate Dar: shauri linaweza kufunguliwa mahali deni lilipotokea au anapoishi mdaiwa. Nenda kwa karani na daftari, meseji na mashahidi wako, atakueleza ada. Ukishinda na bado halipi, rudi mahakamani uombe kukazia hukumu, mali yake ikamatwe kwa amri ya mahakama.

Kwa amri ya mahakama, nasisitiza. Ukienda mwenyewe kuchukua pikipiki yake kwa nguvu, kesho wewe ndiye mtuhumiwa. Na polisi si wakusanya madeni. Deni la kawaida ni la madai, si jinai. Lakini kama alikudanganya tangu mwanzo, mfano alitumia jina la uongo au alikuonyesha ujumbe feki wa malipo akabeba mzigo, hiyo ni kujipatia mali kwa udanganyifu. Hapo nenda polisi bila kuchelewa.

Usilale pia. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Ni mingi, lakini mashahidi wanahama na simu zinapotea. Deni la msimu huu lidai msimu huu.

Najua utaniambia, "Bwana shamba, nikimpeleka mahakamani hatarudi kununua." Nami nakuuliza: asiyelipa ni mteja wa namna gani? Wapo wanunuzi waaminifu wanaopanda huku kila wiki, na hao hawaogopi kusaini. Anayekasirika ukitoa daftari amekwambia mapema nia yake. Vikundi vyote vya kijiji vikiwa na sharti moja, hakuna gari kuondoka bila karatasi, hatakuwa na pa kukimbilia.

Yule mama nilimwambia aanze na meseji leo leo. Ile laki tano ilipita kwenye simu, na wenzake watatu walikuwepo gari likipakia. Si haba, pa kuanzia papo. Lakini angekuwa na ukurasa mmoja wa daftari, safari ingekuwa fupi zaidi.

Kabla hujavuna wiki hii, nunua daftari na kalamu. Ni pembejeo kama zilivyo nyingine.

Tukutane shambani.