Mshale ulioniumbua Kariakoo

Leo nacheka mwenyewe, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Kuna mama wa heshima zake, jirani wa shangazi yangu, alikuwa anauza saa yake ya kike, Omega Constellation, chuma kitupu, ile yenye vikucha vinne pembeni mwa kioo. Vikucha hivyo vilianza mwaka 1982, na 1995 Cindy Crawford akaanza kuitangaza, basi unajua tena! Mpya siiwezi hata nikiuza na kitanda. Hii ya mtumba nilichezea upatu miezi minane.

Tukakutana kwa fundi saa Kariakoo. Natazama mshale wa sekunde, unaruka hatua moja moja kama askari wa gwaride. Nami masela wa kijiweni walishanifundisha: saa ya ukweli mshale unateleza, ukiruka ujue feki. Nikapayuka, "Mama, umepigwa, au unataka kunipiga mimi?" Watu wakageuka.

Mama kimya. Fundi akafungua mfuniko wa nyuma. Lo! Mashine imeandikwa Omega na namba zake, pembeni kibetri kama kifungo cha shati.

"Binti, wa kuteleza ni mshale wa saa zisizo na betri. Hizi za kike nyingi zimetoka Uswisi kwenyewe na betri zao. Lazima uruke."

Akanionyesha vya kuangalia. Ishike saa kwa ubavu: mkanda ukining'inia kama ulimi wa mbwa, viungo vimelika. Kingo zikiwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, imepigwa polishi mpaka imekonda. Na betri iliyovuja humo ndani ni balaa, inaua mashine. Ya mama ilikuwa safi kila mahali. Jamani!

Nikatoa bahasha mikono ikitetemeka. "Shikamoo tena mama, nisamehe, hela hizi hapa."

"Marahaba mwanangu." Akaifunga saa kwenye leso taratibu. "Hii alininunulia marehemu mume wangu. Nilikuwa naiuza mjukuu alipe ada ya chuo. Nitatafuta mtu mwingine."

Akavuka barabara, akapanda daladala ya Mbagala. Shangazi nimemwambia hatukuafikiana bei.

Nikabaki na fundi. Akanidai elfu tano ya kufungua mfuniko.