KALAMU MBILI ZA KARANI



Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa kijana mmoja wa upande wa Ganze. Aniambia ya kwamba amekwisha maliza masomo yake, ana ekari tatu za mahindi na mikorosho michache aliyoachiwa na baba yake, na kila jioni akishaweka jembe huandika hadithi katika daftari. Auliza mambo mawili: mtu afanye nini ili awe mwandishi, na je, uandishi humlisha mtu? Nimeona yafaa nimjibu hapa gazetini, maana najua hayuko peke yake. Wako makarani wenzangu, na walimu pia, wenye madaftari kama hayo chini ya mito yao.

Nianze na swali la pili, kwa kuwa tumbo halingoji. La, ndugu yangu mdogo, usiuze jembe. Mwangalie marehemu Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 akafa 1962. Hapana mwandishi wa Kiswahili anayetajwa kwa heshima kumpita yeye. Lakini bwana huyo alikuwa karani kama mimi. Aliingia kazini mwaka 1926 katika Idara ya Forodha, akahamishwa huku na huku kwa idara nyingine za Serikali, na karibu umri wake wote wa kazi aliumaliza mezani pa ofisi. Vitabu alivitunga katika saa ambazo wenzake walikuwa wamelala au wamekwenda kutembea. Kitabu chake kiitwacho Kufikirika alikiandika mwaka 1946, nacho kikapigwa chapa mwaka 1967. Hesabu mwenyewe: karatasi zile zilingoja miaka 21, na mwenyewe alikuwa kaburini miaka mitano zilipotoka. Kama angalingoja zimlishe, angalikufa njaa mapema.

Sisemi haya ili kumvunja moyo kijana. Nasema ili ajue ya kwamba shamba lake si adui wa daftari lake. Mtu mwenye mahindi ghalani hana haja ya kuandika sifa asizoziamini ili apate senti, na hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa nije kwenye swali la kwanza, ambalo ndilo gumu, na sharti nilijibu kwa njia ya mzunguko kidogo.

Sisi makarani tuna kalamu mbili. Ya kwanza ni ya ofisi. Kalamu hiyo ina mafunzo mema: hukufundisha kuandika tarehe, kutaja mahali, kuhesabu kabla ya kusema, na kuweka nakala. Waandishi wengi vijana wangefaidika kukaa nayo mwaka mmoja. Lakini ina ugonjwa wake pia. Hupenda kusema "imeonekana ya kwamba" bila kusema nani aliyeona, na "imeamriwa" bila kusema nani aliyeamuru. Mtu akiizoea sana, hata barua ya kumposea ndugu yake mke huiandika kama hati ya kodi. (Nimeiona barua ya namna hiyo kwa macho yangu. Harusi ilifanyika hata hivyo, alhamdulillahi kwa wenye dini hiyo na kwa wasio nayo.)

Tena kalamu ya ofisi haikai mkononi mwa kila mtu, na hapa pwani yetu tumeona matokeo yake. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Habari za siku zile tunazo kwa sababu mtu mmoja wa merikebu zake alikuwa akiandika kila lililotokea. Mfalme wa Malindi naye bila shaka alikuwa na karani wake, lakini kama karani yule aliandika lolote juu ya juma lile, daftari lake halikutufikia. Kwa hiyo twayajua yaliyowapendeza wageni na yaliyowatia hofu. Yaliyosemwa jioni ile katika nyumba za Malindi, baada ya wageni kurudi merikebuni, hatuyajui.

Au mchukueni Mekatilili wa Menza, ambaye sanamu yake imesimama Malindi leo. Mwaka 1913 alizunguka nchi ya Wagiriama akiwakataza watu kutoa vijana wao kwa kazi ya Serikali, akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 Serikali ikaipasua kaya kuu ya Wagiriama kwa baruti. Mama huyu alikuwa msemaji ambaye watu waliacha majembe wakamsikiliza, lakini hakuacha hata mstari mmoja wa mkono wake. Maandishi ya siku zile yaliandikwa na maofisa wale wale waliotaka anyamaze. Wazee wameyahifadhi maneno yake kwa vinywa, nami nawashukuru, ila kinywa hufa na mwenyewe, na wajukuu wengi siku hizi wako Mombasa na Nairobi.

Ndiyo sababu nakithamini kitabu kimoja kidogo ambacho vijana wengi wa Kilifi hawajakisikia. Marehemu Ronald Ngala twamkumbuka kwa siasa: aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, akaongoza chama cha KADU, akafa mwaka 1972. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu, na mwaka 1949, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, Eagle Press ya Nairobi ilimpigia chapa kitabu kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Shirika la vitabu lililosimamia kazi hiyo lilikuwa limeanzishwa mwaka uliotangulia tu. Kabla yake, mwaka 1934, James Mbotela wa Freretown alikuwa ametoa Uhuru wa Watumwa, habari za watu waliokombolewa utumwani, baba yake akiwa mmoja wao. Wako wanaomlaumu Mbotela kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini baba yake asingalikuwa na mtoto mwenye kalamu, tungalikuwa na nini cha kulaumu?

Watu hawa wawili hawakungoja kuitwa waandishi. Mmoja alitazama kabila lake, mwingine alimsikiliza baba yake. Hilo ndilo jibu langu fupi kwa kijana wa Ganze, nami ningalitaka kuishia hapa. Lakini kama nataka kuwa mkweli, sharti niseme pia jambo langu mwenyewe, ambalo ni la aibu.

Miaka miwili iliyopita niliandika katika ukurasa huu habari za kisima kimoja cha kale, bara ya Malindi. Sitakitaja jina, na msomaji ataona sababu. Habari ile niliipata matangani, usiku, kwa mzee mmoja mwenye sauti nzuri na ufasaha mwingi. Aliniambia jinsi babu yake alivyokichimba kisima kile wakati wa njaa, na jinsi alivyofyeka pori kutoka kisimani hata kwenye mkwaju. Nilifurahi mno. Nikaandika usiku ule ule, nikapamba hapa na pale, na watu kadha wakaniandikia kunisifu.

Baada ya miezi michache nyumba mbili zilikuwa mbele ya wazee wakigombea mpaka. Mtu wa nyumba moja akatoa kipande cha gazeti mfukoni, kimekunjwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni, akasema, "Haya si maneno yangu. Yameandikwa gazetini, na aliyeyaandika ni karani wa Serikali." Wazee wakataka yasomwe, yakasomwa. Upande wa pili alikuwako bibi mmoja mkongwe, hajui kusoma. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo aliyeandika, maji ya kisima hicho aliyanywa lini?"

Nikaitwa. Bibi akanitazama akasema, "Mwanangu, mimi nimechota maji pale tangu sijaolewa. Mbona hukuja kuniuliza?"

Nilitafuta jibu sikulipata. Nikawaambia wazee kweli ilivyokuwa: nilisikia kwa kinywa kimoja, usiku mmoja, na mahali penyewe sijapaona. Tukaondoka wote tukaenda kwa miguu. Tulipofika, ndugu wasomaji, palikuwa na mikwaju miwili. Baina ya mmoja na mwingine nilihesabu hatua 190, zote mihogo na minazi, na ardhi hiyo ndiyo wanayoilia nyumba zile mbili. Mimi niliandika "mkwaju" tu. Neno moja hilo, nililolipenda kwa jinsi lilivyoikalia sentensi yangu, lilikuwa likitaka kuwanyang'anya watu chakula chao.

Tangu siku ile nimejiwekea masharti, nayo nampa kijana wetu kama nilivyo nayo. Ukiambiwa habari na mtu mmoja, mtafute yule ambaye habari hiyo haimpendezi, umsikilize naye. Nenda mahali penyewe mchana. Ukisha andika, rudi umsomee aliyekuambia, polepole, hasa kama hajui kusoma, maana yeye hana njia nyingine ya kujua umemfanya aseme nini. Mimi nimesoma shule ya misheni miaka minne, nikafundishwa insha, na methali za kuanzia na za kumalizia. Hapana mwalimu aliyenifundisha hili la kurudi. Kurudi kunachosha, na mara nyingine hukuharibia hadithi nzuri. Mzee wa sauti nzuri aliponisikia nikimsomea upya mbele ya bibi yule, alikaa kimya kitambo, kisha akasema kisima kilichimbwa na watu wengi, na babu yake alikuwa mmoja wao. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza.

Tena ujue ya kwamba kosa lililopigwa chapa halifutiki. Mhariri alinipa nafasi nikasahihisha, mistari sita chini ya ukurasa. Lakini kipande kile cha kwanza bado kimo ndani ya nailoni yake, na wazee waliniambia ya kwamba mtu wa nyumba ile alikuja nacho tena kwenye baraza lililofuata. Mistari sita hakuja nayo.

Mpaka haujaamuliwa mpaka sasa. Mimi nimeomba ruhusa ya bibi niandike habari za kisima upya, kama anavyozijua yeye na wanawake wenzake waliochota maji pale, na jinsi walivyokuwa wakilala foleni kisimani wakati wa kiangazi. Mwanzo alikataa. Alisema maneno yangu ya kwanza yalimgharimu nauli mara tatu na jogoo mmoja. Juzi alinituma mjukuu wake kuniambia nije Jumapili, lakini nije asubuhi kabla ya jua kuwa kali, niache mkoba wa ofisi nyumbani, na nichukue ndoo.