Soda bila sukari: WHO haikujipinga kuhusu aspatemu

JULAI 14, 2023, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kilitangaza kwamba kikoleza-utamu aspatemu huenda kinasababisha saratani. Siku iyo hiyo, kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula ilishikilia kwamba miligramu 40 kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku zingali salama. Je, walipingana? La hasha. Wa kwanza walichunguza kama hatari ipo, tena kwa ushahidi haba; wa pili walipima kiasi. Mwenye kilo 70 angehitaji mikebe tisa hadi 14 kila siku kupita kiwango hicho.

Zito zaidi, ingawa halikuvuma hivyo, ni pendekezo la WHO la Mei 2023: wasio na kisukari wasitegemee vikoleza-utamu kupunguza unene. Na wengi huvinunulia nini kingine?