Mwenye kovu shingoni asiambiwe ni uchovu tu

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Ndalu, upande wa Tongaren, Bungoma inapopakana na Trans Nzoia. Septemba 2023 serikali ilitugawia mikoba wahudumu wapatao laki moja nchi nzima. Siku hizi nikiingia bomani kwa mtu nina mashine ya presha, ya sukari, mizani na kipimajoto, na wapo waliogunduliwa mapema kwa sababu hiyo. Ila kuna ugonjwa ambao vifaa hivyo vyote haviuoni: tezi ya thairoidi inayoanza kulegea. Wapo watu wetu wanaostahili kupimwa tezi hiyo bila kuomba na bila kulipa.

Tezi yenyewe imekaa mbele ya koo. Homoni zake ndizo zinazouambia mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Ikilegea, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo huizidishia amri, na amri hiyo ndiyo inayopimwa kwenye damu kwa jina la TSH. Ni kama mkulima mwenye maksai waliochoka: shamba bado linalimika, lakini kelele zake zinafika hadi kwa jirani. TSH imepanda, homoni ya thairoidi bado iko sawa. Wengine katika hali hiyo hawasikii lolote. Wengine wanalalamika uchovu, baridi, ngozi kavu, choo kigumu au hedhi nzito, na mambo hayo mama wa kijijini anaweza kuyabeba miaka asiyataje kwa yeyote.

Kizazi cha kina kukhu, yaani bibi zetu, kilizoea kuona goita, tezi hiyo ikivimba shingoni kwa upungufu wa iodini. Tangu mwaka 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe madini ya iodini, na goita zimepungua sana. Huo ni ushindi wa kweli, na tusiulegeze. Bado naona jikoni chumvi imewekwa kwenye mkebe usio na kifuniko, karibu na moto, ambapo unyevu na joto huipunguzia iodini. Munyu wa majivu tunaopikia mrenda nao haujatiwa iodini yoyote, kwa hiyo hauwezi kushika nafasi ya chumvi ya dukani.

Hata hivyo, chumvi haimalizi kila kitu. Kuna mtu ambaye kinga ya mwili wake inaishambulia tezi yake mwenyewe. Kuna aliyepasuliwa shingo akakatwa sehemu ya tezi. Kuna mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kuna mtoto mwenye ugonjwa wa Down, kuna ambaye mama yake au dada yake aliugua tezi. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayemeza ethionamidi pia yumo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuidhoofisha tezi. Mja mzito mwenye historia kama hizo ndiye wa kuangaliwa kwanza, maana katika miezi ya mwanzo mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mamake.

Jirani yangu mmoja alikuwa na kovu la upasuaji wa goita, jembamba, linaloonekana akifungua kitambaa cha shingoni. Alipopata mimba alihudhuria kliniki bila kukosa. Alipimwa damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI, kama inavyotakiwa. Uchovu wake ukaambiwa ni wa mimba, na kovu halikuulizwa. Nilimshauri aende Kitale, akalipia TSH mfukoni mwake katika maabara ya kibinafsi. Ilikuwa imepanda kidogo, na daktari akamwandikia levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi.

Nilipomtembelea nikamkuta anaimeza na chai ya maziwa, pamoja na tembe za madini ya chuma alizopewa kliniki. "Mama," nikamwambia, "hiyo imeze na maji matupu ukiamka. Chai ingoje nusu saa au saa nzima, na tembe za damu zikae mbali nayo saa nne." Alikuwa hajaambiwa na mtu. Kidonge kinachomezwa pamoja na chai na tembe hizo hunyonywa nusunusu, na kipimo cha pili kingeonyesha kwamba dawa haifanyi kazi.

Najua kuna atakayesema hospitali zetu zina shida kubwa zaidi. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kila mtu apimwe. Hata miongozo ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2017 haikutaka kila mja mzito apimwe, bali aliye na sababu. Wala si kila TSH iliyopanda inahitaji dawa. Mara nyingi ikiwa chini ya 10, na mtu hana mimba, hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, na wengine hukuta imeshuka yenyewe. Mwaka huohuo wa 2017, utafiti wa watu 737 wa Ulaya wenye miaka 65 na zaidi ulionyesha kuwa levothairoksini haikuwapunguzia dalili. Kukhu wa miaka 75 aliyechoka asirundikiwe vidonge kwa namba moja ya maabara, kwani dawa ikizidi huusumbua moyo na kudhoofisha mifupa.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia ni dogo, na linawezekana. Sisi wahudumu tuongezewe maswali matatu kwenye fomu: umewahi kupasuliwa shingo au kuvimba koo? Kuna wa kwenu aliyeugua tezi? Unatumia dawa gani? Anayejibu ndiyo, au anayetumia dawa inayogusa tezi, aandikiwe TSH kwa gharama ya umma, katika hospitali iliyo karibu naye. Anayepewa levothairoksini aelezwe kwa lugha anayoielewa namna ya kuimeza na lini arudi kupimwa. Maswali hayo hayagharimu chochote, na mimi niko tayari kuanza kuyauliza hata kesho.